Mkutano wa klabu ya redio ambao redio haiwashwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme kitu ambacho najua wasomaji wengi watakiona kidogo, ila kwangu mimi ni kikubwa. Nataka kuongelea mikutano ya vilabu vya redio za ridhaa, yaani sisi watu tuliokaa mtihani, tukapewa leseni na kolsaini, yaani herufi na namba za kumtambulisha mtu hewani, tukawa tunaongea hewani na wenzetu wa dunia nzima bila malipo na bila biashara yoyote. Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba vilabu hivi vinakufa kwa sababu vijana wana simu na intaneti kwa hiyo redio haina maana tena kwao. Ile barua nimeisoma mara mbili na kwa heshima zote sikubaliani nayo. Vijana wanakuja, nimewaona kwa macho yangu wakija. Ishu ni kwamba wanakuja mara moja tu alafu hawarudi, na kinachowafukuza sio simu, ni mkutano wenyewe.

Nitoe mfano mmoja. Siku moja alikuja binti kwenye mkutano wetu, nadhani alikuwa bado yuko chuo, ameshika redio ndogo ya mkono aliyoinunua mwenyewe, na ana daftari ameandika maswali. Nilikaa pembeni yake kwa hiyo swali la kwanza nililiona, aliandika "kwa nini mimi nawasikia ila wao hawanisikii". Swali zuri sana hilo! Na jibu lake yawezekana kabisa lilikuwa toni ya ripita tu, ile sauti fiche ambayo redio inatakiwa kurusha ili ripita, kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena, ikukubali, kitu ambacho mtu anaweza kumwekea kwa dakika mbili. Basi mkutano ukaanza. Utambulisho ukapita haraka haraka, kolsaini tupu bila majina, zikasomwa kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo na kumbukumbu, taarifa ya mweka hazina, alafu ukaja mjadala wa ufunguo wa stoo ukae kwa nani, huo peke yake ulikula dakika arobaini, kisha mengineyo, kisha tukafunga. Masaa mawili mazima. Redio ya klabu ilikuwepo mezani muda wote imefunikwa kitambaa na hakuna aliyeifunua. Yule binti akafunga daftari lake taratibu akaliweka kwenye mkoba, akaaga vizuri tu, na tangu siku hiyo hatujamuona. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na sikumuuliza chochote, na mpaka leo linaniuma.

Baada ya siku hiyo niliomba nipewe kazi ya kupanga programu za mikutano, kazi ambayo kwa kweli hakuna aliyekuwa anaigombania, na nimeifanya muda wa kutosha kuweza kusema haya ninayoyasema.

La kwanza kabisa, redio iwashwe. Iwashwe nusu saa kabla ya mkutano, antena iwe imeunganishwa, sauti iwe wazi, ili mtu akifungua mlango asikie mawimbi. Asikie ile kelele ya hewani, asikie mtu anaita CQ, yaani anaita kituo chochote kimjibu, asikie Morse, zile nukta na vistari vya sauti, inakatika katika kwa mbali. Watu wengi wanaokuja mara ya kwanza hawajawahi kusikia kabisa, wamesoma tu au wameona video, na sisi wenyewe tumeshazoea mpaka tumesahau siku ya kwanza tulivyosikia sauti ya mtu wa bara jingine inatoka kwenye kisanduku kilichofungwa kwenye waya tu. Mkutano wa klabu ya mpira bila mpira watu wangeshangaa, sasa kwa nini wetu tunauona wa kawaida?

Programu ninayoipenda kuliko zote haikuwa na mtoa mada wala slaidi hata moja. Tuliitana saa kumi na moja jioni, mapema kuliko kawaida yetu, tukabandika ramani ya dunia ukutani na tukawa na pini za rangi mbili. Redio tukaiweka kwenye bendi ya mita 40, yaani kule kwenye megahezi 7, na kazi ilikuwa moja tu: mmoja anasikiliza na kuandika kolsaini, wa pili anaangalia herufi za mwanzo ni za nchi gani, wa tatu anachomeka pini. Tukawa tunabadilishana zamu, wenye leseni na wasio na leseni. Jua likiwa bado lipo, pini za njano zilijazana karibu karibu tu, kilomita mia kadhaa. Jua likazama, tukabadilisha rangi. Kufika saa mbili usiku pini nyekundu zilikuwa zimeshavuka bahari, na vile vituo vya karibu tulivyovisikia vizuri jioni vingine vimepotea kabisa. Hapo hakuna mtu aliyekuwa ameeleza kitu bado. Kijana mmoja akageuka akauliza mwenyewe, "kwani usiku kuna nini?"

Ndio mzee wetu mmoja akasimama. Akaeleza kwamba juu yetu kuna ionosfia yenye matabaka, kwamba la chini linaitwa D, liko kama kilomita 60 mpaka 90, na mchana jua linalichaji likawa linanyonya mawimbi ya masafa ya chini kama sponji inavyonyonya maji, kwamba jua likizama lile tabaka linapotea muda si mrefu, wimbi linapita bila kunyonywa mpaka kwenye tabaka F huko kilomita 250 na zaidi, na kutoka kule linarudishwa chini likiwa limeruka mbali sana. Akagusia na ule mzunguko wa madoa ya jua wa miaka kama 11, kwa nini kuna miaka bendi za juu kama ya mita 10 zinafunguka dunia nzima kwa wati chache na kuna miaka zinalala. Dakika kumi tu na kila mtu amekaa wima. Mzee huyo huyo nilishamsikia akitoa mada hiyo hiyo zamani kwa slaidi na nusu ya watu walikuwa kwenye simu zao. Maneno ni yale yale, tofauti ni kwamba safari hii swali lilitangulia jibu.

Naomba hili nilikazie maana ndio kiini cha barua yangu. Sisi tunapanga mikutano kinyume, tunaanza na maelezo tukitegemea hamu itakuja baadaye. Hamu inaletwa na sikio na mikono. Mtu akishasikia, akishashika, atauliza, na akishauliza unaweza kumpa nadharia yoyote unayotaka na ataibeba.

Mikono sasa. Tulifanya mkutano mmoja wa kutengeneza daipoli, ile antena rahisi ya waya mbili, na tulikubaliana kwamba wasio na leseni ndio watafanya kila kitu sisi wengine tunaelekeza kwa mdomo tu. Hesabu yake kila ham, yaani mtu wa redio za ridhaa, anaijua, unachukua 143 unagawa kwa masafa kwa megahezi unapata urefu wote kwa mita, kwa hiyo kwa 7.1 ni mita 20 na kidogo, kila mkono mita 10 na kidogo. Tukawaambia wakate ndefu makusudi, mita 10 na sentimita 35 kila upande, kwa sababu waya uliozidi unakatwa ila uliopungua inabidi uanze kuungaunga. Wakapandisha, wakaunganisha kebo kwenye analaiza, kifaa cha kupima antena. Sasa kile kioo cha analaiza kinaonyesha mstari unaoshuka kama bonde, na sehemu ya chini ya bonde ndio pale antena yako ilipokaa sawa. Bonde lilikuwa kwenye 6.9, nje ya bendi kabisa. Wakashusha antena, wakakata sentimita 15 kila upande, wakapandisha. Bonde likasogea kulia, likafika karibu na 7. Mtoto mmoja wa kama miaka kumi na miwili aliyekuja na baba yake akasema kwa sauti "limetembea!" na watu wote wakasogea kuangalia. Wakashusha tena wakakata sentimita 13, wakapandisha, bonde likakaa 7.1 na SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, iko chini ya 1.5. Hiyo "limetembea" ilifundisha uhusiano wa urefu wa waya na masafa kuliko ubao wowote ule. Usiku huo huo ile waya ikafungwa kwenye redio, mwenye leseni akaita CQ, akajibiwa. Yule mtoto alirudi mwezi uliofuata, baba yake ndio alikuja kwa kuburuzwa.

Kuna kitu kingine ambacho vilabu vingi havitumii na kipo bure juu ya vichwa vyetu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapita juu kama kilomita 400 na kina ripita ya redio za ridhaa, unarusha kwenye megahezi 145.990 ukiwa na toni ya hezi 67 na unasikiliza kwenye megahezi 437.800. Redio ndogo ya mkono yenye bendi mbili na antena ya yagi, ile inayoelekezwa upande mmoja, ya kushika mkononi vinatosha. Kituo kinakatiza kutoka upeo mmoja mpaka mwingine kama dakika kumi tu, kwa hiyo hapa hamna cha kuchelewa kuanza, muda unapangwa na anga sio na mwenyekiti. Na uzuri wake mwingine ni kwamba kinakwenda kasi kiasi kwamba masafa yanahama masikioni kwako, unaanza kusikiliza kama kilohezi 10 juu, kwenye 437.810, na kadiri kinavyopita unashuka mpaka unamalizia 437.790. Mwalimu wa fizikia akiwepo hapo mpeni nafasi maana hana haja tena ya mfano wa king'ora cha gari ambacho sauti yake inabadilika likikupita. Kwa watakaojaribu nawashauri muangalie kabla kama ripita imewashwa, kwa sababu huwa inazimwa wakati mwingine, na hakikisheni mna jambo la pili mkononi msije mkabaki mmesimama uwanjani mnatazama mawingu.

Hapa niseme kidogo kuhusu sheria, maana nimeona watu wakipitiliza kwa furaha. Anayerusha lazima awe na leseni, na asiye na leseni akipewa maiki iwe ni kwa utaratibu unaoruhusiwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika na mwenye leseni amesimama pale pale kwenye redio. Tena hiyo yenyewe ni somo, mgeni anaona kwamba hewa ina adabu yake.

Kitu kilichotushtua sana kilikuwa zoezi la ujumbe wa dharura. Klabu nyingi tunajisifu kwamba mtandao wa simu ukianguka sisi tutabaki hewani, na ni kweli, redio na betri na waya vinaweza kufanya kazi pale ambapo minara imekufa. Ila kubaki hewani ni kitu kimoja na kufikisha ujumbe sahihi ni kitu kingine. Tukagawana vituo vitatu, vyumba tofauti, redio za mkono kwa nguvu ya chini kabisa, na tukaweka kelele makusudi. Kituo cha kwanza kinapewa karatasi yenye ujumbe wa maneno kama 25 yenye majina, idadi na mahali, anausoma kwa kituo cha pili, cha pili anausoma kwa cha tatu, cha tatu anaandika. Ujumbe ulianza na mablanketi 6 ukafika mablanketi 9. Sita na tisa! Yaani lugha yetu wenyewe inatutega, sikilizeni mkiwa kwenye kelele muone, sita na tisa zina sauti zile zile zimegeuzwa tu, na sisi tulikuwa tunazisoma namba mara moja tunasonga mbele kwa kujiamini. Majina ndio usiseme, jina moja lilibadilika jinsia. Tukarudia mara ya pili kwa utaratibu unaotakiwa, namba zinatajwa tarakimu moja moja na kurudiwa, majina yanatajwa herufi moja moja kwa ile alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, na mpokeaji anasoma tena alichoandika kabla ya kusema amepokea. Ilichukua muda mrefu zaidi lakini ulifika mzima. Tangu siku hiyo hakuna mtu kwenye klabu yetu anayedharau kurudiarudia, hata wale wenye leseni ya miaka ishirini.

Programu hii haina gharama yoyote ya maana, na naiombea ifanyike kwenye kila klabu angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa mvua kubwa au tufani kwa wale wanaoishi kwenye maeneo hayo.

Kuhusu wageni wa kutoa mada. Tunapenda kualika mtu mkubwa, tunampa saa moja na nusu, anakuja na slaidi sitini, na projekta haijajaribiwa. Mimi siku hizi namuomba mgeni vitu vitatu tu: aongee dakika 25, aje na kitu cha kushika au cha kusikiliza, na aniambie swali gani anataka watu watoke nalo. Nimegundua pia wageni wazuri sio lazima wawe maham. Nahodha akija anaweza kuwaambia kwa nini kila chombo baharini kinasikiliza chaneli 16, kwenye megahezi 156.8, na ilikuwaje siku aliposikia mtu anaomba msaada. Fundi anayepanda minara, mtaalamu wa hali ya hewa, mtu wa zimamoto, hawa wote wanaishi na redio ila hawajawahi kuulizwa. Kwa wanachama wenyewe msiulize "nani atatoa mada mwezi ujao", wote watainamisha vichwa. Waambie walete kitu kilichowafia. Tulifanya hivyo mara moja, kila mtu alete kifaa kilichokufa na aeleze kilikufaje, na mzee mmoja mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akiongea mkutanoni alileta transista za hatua ya mwisho za redio yake, zile zinazosukuma nguvu kwenye antena, zilizoungua kwa sababu alirusha akiwa amesahau kuunganisha antena. Alieleza kwa ufundi na kwa upole kiasi kwamba watu walimzunguka nusu saa nzima baada ya kufunga. Maarifa yapo vilabuni, yamekaa kwenye viti vya nyuma, yanasubiri kuulizwa kwa namna inayofaa.

Historia nayo inaboa tu ikiletwa kama orodha ya tarehe. Chukueni tarehe 12 Desemba. Siku hiyo mwaka 1901 Marconi alisema amesikia herufi S, nukta tatu, ikitoka Poldhu kule Uingereza mpaka Newfoundland ng'ambo ya Atlantiki. Lakini ilikuwa mchana, saa sita na nusu hivi kwa saa za kule, na kwa masafa ya chini. Sasa watu wetu waliokuwepo usiku wa pini walishajua tabaka D linafanya nini mchana, kwa hiyo tulipowasimulia kisa hiki mmoja akanyanyua mkono akasema hapana, haiwezekani. Na kumbe wataalamu wenyewe mpaka leo wanabishana kama kweli aliisikia au alisikia kelele za radi! Mdahalo ukawaka, upande mmoja unamtetea Marconi upande mwingine unapinga, mkutano mzima ukaisha hivyo na watu hawataki kwenda nyumbani. Tarehe hiyo hiyo, 12 Desemba mwaka 1961, ndio ilirushwa OSCAR 1, setilaiti ya kwanza ya maham, kitu cha kilo nne na nusu kilichotengenezwa na watu wa ridhaa kama sisi, ikawa inazunguka dunia inasema HI kwa Morse, nukta nne nukta mbili, na kasi ya zile nukta ilikuwa inabadilika kulingana na joto la ndani ya setilaiti. Wasikilizaji zaidi ya 570 kutoka nchi 28 walituma ripoti wakiwa na saa mkononi wanapima. Hilo unaweza kuliigiza kwenye mkutano, mtu anagonga HI kwa kasi tofauti, wenzake wanapima na kusema joto ni kiasi gani kutoka kwenye jedwali mlilotunga. Ni mchezo, ila watu wanatoka wameelewa telemetria, yaani kutuma vipimo kutoka mbali kwa redio, ni nini.

Na kwa vijana wanaodhani kwamba mambo makubwa yalifanywa na wazee maprofesa, waambieni kuhusu Oktoba 18 mwaka 1924, siku ambayo Cecil Goyder, mwanafunzi tu wa shule huko London, aliongea kwa Morse na Frank Bell aliyekuwa New Zealand, upande wa pili kabisa wa dunia. Na walitumia yale mawimbi mafupi ambayo miaka michache nyuma yalionekana hayana faida, Marekani kwa sheria ya 1912 ilikuwa imewasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 kushuka chini kwa sababu hakuna aliyeyataka. Kisa hiki nikisimulia huwa nawaangalia usoni wale wa miaka 17 na 18.

Kalenda ya mwaka inaweza kusimama kwenye tarehe kama hizi. Aprili 18 ni siku ya redio za ridhaa duniani, inakumbuka kuundwa kwa umoja wa kimataifa wa maham mjini Paris mwaka 1925. Oktoba kuna jamborii ya maskauti hewani, na hapo klabu ikijitolea inapata watoto kibao kwa wikiendi moja, sio lazima kuwatafuta. Kati kati ya hizo unajaza: usiku wa FT8, ile njia ya mawasiliano kwa kompyuta ambayo Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1993, na mwenzake Steve Franke waliitoa 2017, inayobadilishana ujumbe kwa vipande vya sekunde 15 na kusoma mawimbi dhaifu ambayo sikio haliyapati kabisa, siku ya kusaka kisambazaji kilichofichwa vichakani, siku ya kulehemu. Siku ya kulehemu hakikisheni pasi zinatosha, watu wanne kwa pasi moja ni kukaa foleni tu. Ratiba ya miezi mitatu mbele itangazwe mapema, mtu ajue mwezi wa tatu kuna nini, maana tangazo linalosema "kikao cha kawaida Jumamosi" halijawahi kumtoa mtu nyumbani kwake.

Mambo ya kiofisi bado yapo, najua, klabu bila hesabu na kumbukumbu itakuja kugombana. Sisi tulikubaliana dakika 15 na zinawekwa mwishoni, baada ya chai. Kumbukumbu zinatumwa kwenye grupu wiki moja kabla, anayeona kosa anaandika huko huko. Jambo linalohitaji mabishano linapelekwa kwa kamati. Kulikuwa na manung'uniko mwanzoni, kuna wazee wetu waliona tunadharau katiba ya klabu, na nilienda kuongea nao mmoja mmoja kwa sababu wao ndio walioijenga hii klabu na hawakustahili kusikia mabadiliko kwa mara ya kwanza mkutanoni. Mmoja wao sasa ndio mtunza saa, na dakika ya 15 ikifika anasimama.

Mwisho kuna mtu tunamwita mpokezi. Kazi yake usiku mzima ni mgeni tu. Anakaa nae, anamtajia majina ya watu sio kolsaini, anamnong'oneza QRM ni kelele za vituo vingine, QSB ni ile sauti kufifia na kurudi, 73 ni salamu za kuagana. Na kabla mkutano haujaanza anamuuliza umekuja na swali gani, na swali hilo linajibiwa usiku huo huo kwa redio, kwa mkono, sio kwa ahadi. Kazi hiyo tunapeana zamu, na zamu ya kwanza niliomba iwe yangu.

Jumamosi hii tunakutana tena. Waya umeshapimwa, safari hii ni wa bendi ya mita 20, pini zipo, na anayefungua mlango atakuta redio inaongea. Yule binti mwenye daftari kama ni msomaji wa gazeti hili, swali lake la kwanza bado nalikumbuka, aje na ile redio yake tuiwekee toni.

Wako,
Mratibu wa programu, klabu ya redio za ridhaa